Taa nyekundu au ya chungwa kwa dakirumu ya nyumbani, kile chumba cha giza cha kusafishia picha? Nimezijaribu zote hapa Tanga

Dada mmoja wa Makorora ana kamera ya mkanda aliyoachiwa na babu yake, enlaja, ile mashine ya kukuzia picha kwenye karatasi, kaipata kwa mzee mmoja wa Chumbageni aliyefunga studio siku nyingi, juzi kaja nyumbani jioni na swali moja tu. "Shikamoo kaka, hivi taa ya dakirumu ninunue nyekundu au ile ya rangi ya chungwa? Maana nimeuliza watu wawili, mmoja kasema nyekundu, mwingine kasema nyekundu ni ushamba." Nikamwambia marahaba, kaa kwanza unywe chai, maana hilo swali limeshanila karatasi za kutosha kabla sijalielewa.

Tukakaa mpaka isha. Nikaona bora niandike kabisa, maana watu wanaorudi kwenye kusafisha picha wenyewe nyumbani wanaongezeka na wengi wanaanza kwa kununua taa kabla hawajajua wananunulia karatasi gani.

Mi huwa naanza na kisutu. Ile kanga ya maharusi, nyekundu nyeusi na nyeupe, kila nyumba ya pwani ipo. Ingia nayo kwenye chumba chenye taa nyekundu tupu, utashangaa, nyekundu na nyeupe zimekuwa kitu kimoja, zote zinang'aa sawasawa, nyeusi ndo imebaki peke yake kama imechorwa kwa wino. Sasa kisutu hichohicho ukipige picha kwa mkanda usioona nyekundu, mambo yanageuka, nyekundu inatoka nyeusi tii, inaungana na nyeusi yenyewe, nyeupe ndo inabaki. Kanga moja, picha mbili tofauti kabisa, na kilichobadilika ni nani anaangalia. Ukishalishika hilo, habari yote ya taa za dakirumu umeimaliza nusu.

Ile dawa ya fedha iliyopakwa kwenye karatasi na kwenye mkanda, kwa asili yake inaona bluu, urujuani na ile miale ambayo jicho halioni kabisa. Kijani haioni, nyekundu ndo kabisaa. Mwaka 1873 Mjerumani mmoja, Hermann Wilhelm Vogel, akagundua kwamba ukichanganya rangi fulani kwenye ile dawa inaanza kuona na kijani, na waliokuja baadaye wakaifikisha mpaka nyekundu. Ila bamba za kizamani, vile vioo vilivyopakwa dawa, ziliendelea kutumika miaka mingi tu baada ya hapo, ndo maana ukiangalia picha za zamani za pwani yetu, mathalani ukipita pale makumbusho ya Urithi kwenye boma la Wajerumani, mbingu mara nyingi nyeupe pee hata wingu huoni. Watu wanadhani siku hizo kulikuwa na mawingu kila siku. Hapana, ile bluu ya mbinguni ilikuwa inaunguza upande wote wa mbingu kwenye bamba.

Karatasi za kuchapia picha nyeusi na nyeupe mpaka leo zinatengenezwa makusudi zisione nyekundu, ili wewe uweze kuona unachofanya. Mkanda wa siku hizi unaona rangi zote, huo hauna taa, unaupakia gizani kwa kupapasa kama unatafuta ufunguo umeme umekatika. Kwa hiyo tunapoongea taa hapa tunaongelea taa ya karatasi, ile wenyewe wanaiita seflaiti.

Haya, nyekundu kwanza.

Uzuri wake ni mmoja lakini mkubwa: iko mbali na vitu karatasi inavyoviona. Karatasi nyingi za sasa ni zile za greda zinazobadilika, yaani ukali wa weusi na weupe unauamua wewe kwenye enlaja, zinaona bluu na kijani, kijani chenyewe kinaishia huko nyuma karibu na njano. Nyekundu nzuri ya LED inakaa kwenye nanomita 620 mpaka 660 hivi, hicho ndo kipimo cha rangi za mwanga, kwa hiyo katikati kuna uwanja mpana wa usalama. Ukikosea kidogo, ukasogeza taa karibu, ukachelewa kwenye trei, karatasi inakusamehe. Na ukija kutaka kucheza na mikanda ya zile aina zisizoona nyekundu, au ile filamu ya eksirei ambayo watu siku hizi wanaikata na kuiweka kwenye kamera kubwa, hapo chungwa haifai kabisa, nyekundu tena ile iliyoiva ndo pekee.

Ubaya wake ni kwako wewe, kwa karatasi hauna. Macho yetu gizani hayaipendi nyekundu. Jicho likishazoea giza linaona vizuri zaidi upande wa kijani-bluu huko kwenye 500 na kitu, nyekundu iliyoiva linaiona kwa shida, kwa hiyo chumba kinakuwa na taa ila unajikwaa kwenye ndoo. Halafu kuhukumu picha kwenye trei ni kazi, inaonekana nyeusi kuliko ilivyo, unaogopa, unaitoa kwenye developa, ile dawa ya kuitokeza picha, sekunde 40 wakati ilitakiwa dakika moja na nusu au mbili, unawasha taa kubwa unakuta picha ina rangi ya maji ya mchele. Hii imewakuta wote, usione aibu. Dawa yake ni saa ya ukutani na kutoiamini nyekundu, acha picha imalize muda wake hata kama inaonekana imeungua.

Kingine kidogo lakini kiliniudhi sana: kalamu nyekundu. Niliandika muda wa kila jaribio nyuma ya karatasi kwa biki nyekundu, nikaingia chumbani nikageuza karatasi, hamna kitu, nyeupe tu, nikadhani nimechukua karatasi nyingine. Kisutu kilekile. Tumia penseli.

Sasa nyekundu ziko za aina aina na hapa ndipo watu wanapoibiwa. Kuna balbu za sherehe, zile zilizopakwa rangi kwa nje. Achana nazo. Rangi ikichubuka kidogo tu nyeupe inavuja, na hata isipochubuka rangi yenyewe inapitisha vitu ambavyo jicho lako halivioni lakini karatasi inaviona. Kuna balbu ya LED ambayo kidude chenyewe cha ndani kinatoa nyekundu, hiyo ndo nzuri. Na kuna taa ya nyuma ya baiskeli! Mji wetu huu wa baiskeli hiyo kitu haikosekani, mafundi wa Ngamiani wanayo ndani ya bati la biskuti, na zile za LED nyingi zinatoa nyekundu safi kabisa, inatumia betri, umeme ukikatika wewe unaendelea kusuuza picha zako. Mimi nilianza na moja, nikaigeuza ikaangalia darini ili mwanga urudi chini umetulia, nikachapa nayo miezi. Ila zima ule mtindo wake wa kuwakawaka, utapata kizunguzungu.

Utajuaje kama ni safi? Chukua CD ya zamani, zile za taarabu zilizochubuka zipo tu kabatini, zima taa zingine zote, angalia mwanga wa taa yako unavyorudi kwenye CD. Ukiona mstari mwekundu peke yake, safi. Ukiona na kijani au bluu kinachungulia pembeni, hata kidogo, hiyo mpe mtoto akachezee. Kipimo hiki sio cha mwisho, cha mwisho nakuja kukieleza, lakini kinakuokolea nauli dukani, nenda na CD yako kabisa watu wakuone kichaa.

Chungwa sasa, au tuseme rangi ya asali, maana ile yenyewe sio chungwa la Muheza, imeiva zaidi.

Hii ndo taa ya mabwana wakubwa. Studio kubwa na vyuo ndo walikuwa wanaitumia, Kodak walitoa filta yao ya OC, Ilford wana 902, ni kioo au plastiki unaiweka mbele ya balbu ndogo ya wati 15 na kuiweka mbali na meza angalau mita 1.2. Na raha yake ni kweli ipo, sitakudanganya. Chumba kinakuwa na mwanga, unaona makoleo yako, unaona maandishi kwenye chupa, na picha kwenye trei unaiona karibu na ukweli wake, vivuli vinajitenga, unajua kabisa hii inataka sekunde mbili zaidi. Kama unafundisha watu, watoto watatu wanne wamezunguka trei, chungwa inasaidia, nyekundu watamwagiana fiksa, ile dawa ya kuigandisha picha isiungue tena.

Tatizo ni kwamba iko jirani mno na kijani. Karatasi ya greda zinazobadilika inaona kijani, na chungwa isiyo safi inaingia humo kidogokidogo. Filta halisi zimekatwa vizuri zinaacha kijani nje. LED ya chungwa ya dukani haikukatwa, kilele chake kiko karibu na 590 lakini ina mkia, mkia unashuka mpaka kwenye kijani, na mkia huo hauuoni kwa macho maana chungwa yenyewe imeshakujaza macho. Niliinunua moja, nikaifurahia wiki nzima, picha zangu zikaanza kuwa na weupe mchafu kama kanzu iliyofuliwa na soksi. Nikalaumu developa. Nikalaumu fiksa. Nikalaumu joto la huku, maana maji ya bomba yanatoka na joto la nyuzi 28 wakati maelekezo yanataka 20, nikawa naweka mifuko ya barafu kwenye beseni, barafu za jirani zimekwisha na picha bado chafu. Kumbe taa.

Na filta halisi nazo zina umri. Ukiletewa ya mtumba iangalie kwenye jua, ikiwa imepauka pembeni au ina ufa, hiyo ni pambo. Balbu nayo isizidi wati 15, mtu anaona giza anaweka ya 40, sasa hapo ni kama hujaweka filta. Na umbali uheshimu, ukiitoa taa kutoka mita 1.2 ukaileta sentimita 60 mwanga kwenye karatasi haujawa mara mbili, umekuwa mara nne.

Sehemu moja chungwa inaishinda nyekundu bila ubishi ni ukiwa na karatasi za zamani za greda moja moja, zile boksi limeandikwa 2 au 3 basi. Hizo kwa kawaida zinaona bluu tu, kijani hazina habari nacho, kwa hiyo chungwa hata ikiwa na uchafu kidogo haiwagusi. Kuna wazee wana maboksi hayo bado kwenye makabati, ukiyapata usikatae.

Kijani naiongelea kwa sababu mtu atauliza. Ipo taa ya kijani iliyokolea sana, ni ya mkanda unaoona rangi zote, na watu wanaona ajabu, mkanda unaona kijani iweje taa iwe kijani? Sababu sio kwamba mkanda hauioni, sababu ni kwamba jicho ndo linaiona kuliko rangi nyingine gizani, kwa hiyo unaweza kuweka kidogo mno mpaka mkanda unavumilia sekunde chache tu, ukiwa umeshafika katikati ya kusafisha, unachungulia na kuzima. Kwa karatasi ni sumu. Usinunue.

Balbu za rimoti zile za kubadilisha rangi, zina mtego. Ukiiweka kwenye nyekundu nyingi zinawasha kile kidude chekundu tu, kwenye CD inatoka safi, nikasema hapa nimewin, balbu moja kazi zote. Usiku mmoja nimefungua boksi la karatasi, umeme ukakatika, nikakaa gizani nikisubiri kama watu wote, ukarudi, balbu ikasahau kwamba ilikuwa nyekundu ikawaka nyeupe kama uwanja wa Mkwakwani. Boksi wazi. Mzee wangu mmoja aliyenifundisha alikuwa na msemo, mkanda ukiungua hauna mganga, na karatasi ni hivyohivyo. Nilibaki na karatasi za kufungia karanga. Kwa hiyo kama unaitumia, funika boksi kila ukitoa moja, au usiitumie, mi sasa siitumii kama taa ya chumba.

Kipimo cha mwisho ndo hiki na usikiruke hata kama taa umeuziwa kwa bei ya pikipiki. Watu wanaweka sarafu juu ya karatasi, wanawasha taa dakika tano, wanasafisha, karatasi imetoka nyeupe, wanashangilia. Hicho ni nusu kipimo. Karatasi mbichi inavumilia mwanga kidogo bila kuonyesha, lakini karatasi ambayo imeshapigwa na enlaja iko ukingoni tayari, tone likizidi kikombe kinamwagika. Kwa hiyo fanya hivi: zima kila kitu, piga karatasi mwanga kidogo sana wa enlaja kiasi kwamba ukiisafisha inatoka kijivu chepesi, bado giza weka sarafu ya mia mbili juu yake, sasa washa taa yako uiache dakika nane, zima, safisha gizani. Ukiona duara la sarafu, taa yako inaharibu, na inaharibu hasa weupe wa picha, yale mawingu, ile kanzu, lile povu la mawimbi Raskazone. Rudia kwa dakika nne, kwa mbili. Muda ambao sarafu haionekani kabisa gawanya kwa mbili, huo ndo muda wako wa kazi.

Kabla ya hapo hakikisha giza lako ni giza. Kaa ndani dakika kumi bila taa. Utaanza kuona vitu ambavyo hukujua unavyo, taa ya kijani ya ekstensheni, kidoti cha bluu cha redio, mwanga chini ya mlango, saa ya mkononi inayong'aa. Zile balbu za kupunguza umeme, za mirija iliyojikunja, zinabaki zinafukuta mwanga baada ya kuzimwa. Na balbu za LED kwenye nyumba ambazo fundi wa waya alichanganya, swichi imekata waya usio wa moto, nazo zinabaki na mwanga wa kizuka usiku kucha. Nyumba za Tanga ziko hivyo nyingi tu. Chomoa kabisa.

Hapo tumemaliza taa inayokaa juu ya kichwa chako. Iliyobaki ni taa ya ndani ya enlaja, na huku rangi haiogopwi, inatumika kama chumvi jikoni.

Karatasi ya greda zinazobadilika ina dawa zaidi ya moja zimechanganywa, zote zinaona bluu, ila uwezo wa kuona kijani unatofautiana. Ukiipiga na bluu zote zinafanya kazi kwa pamoja, picha inakuwa kali, nyeusi na nyeupe zinaachana. Ukiipiga na kijani zinajibu kwa zamu, picha inakuwa laini, kijivu kinajaa katikati. Ilford walileta karatasi yao ya Multigrade mwaka 1940 na ndo mtindo ulioshika mpaka leo. Filta zake ni 12, kuanzia 00 mpaka 5 kwa nusu nusu, za namba ndogo ni njano maana njano inazuia bluu ikaacha kijani, za namba kubwa ni rangi ya zambarau-pinki maana zinazuia kijani zikaacha bluu. Za Ilford kuanzia 00 mpaka 3 na nusu muda haubadiliki, kuanzia 4 unazidisha mara mbili.

Kwa huku kwetu hii maana yake ni nini. Negativu (picha ya kwenye mkanda) uliyopiga saa saba mchana soko la samaki Deep Sea, jua la wima, uso wa mvuvi umezama kwenye kivuli cha kofia na mashua nyeupe inawaka, hiyo ukiichapa kwa 3 utapata mkaa na chokaa, ishushe 1 au 1 na nusu. Negativu ya masika, mawingu yametanda, mtu yuko barazani, hiyo imelala, ipandishe 3 na nusu iamke. Mtu mwenye karatasi za greda moja angehitaji maboksi matatu, wewe una boksi moja na vipande vya plastiki. Kwa mtu anayeanza sioni hata cha kulinganisha, chukua za kubadilika.

Balbu ya enlaja ndo watu wanaguna. Ya asili ni ya waya, ile ya wati 75 au 150 yenye kioo cha maziwa. Filta zote zimepimwa kwa rangi yake kwa hiyo namba zinasema ukweli, 2 ni 2. Lakini inategemea umeme, na umeme wa jioni kila mtu akiwasha feni na pasi unashuka. Balbu ya waya volti zikishuka asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30, na sio kupungua tu, inakuwa nyekundu zaidi, bluu ndo inakufa zaidi, sasa karatasi inaishi kwa bluu. Nilikuwa nachapa saa moja jioni picha inatoka hafifu, saa sita usiku picha ileile muda uleule inatoka nyeusi. Nikafikiri jini. Ukitumia balbu ya waya tafuta stabilaiza nzuri au chapa usiku wa manane kama mimi, mtaa umetulia na joto limepungua.

LED nyeupe haijali sana volti, na haina moto, negativu haijikunji katikati ya kupigwa, kwa joto la huku hiyo ni nafuu kubwa. Lakini nyeupe yake sio nyeupe ya balbu ya waya. Ndani ni kidude cha bluu cha 450 hivi kimepakwa unga wa njano, kwa hiyo ina mlima wa bluu, halafu bonde, halafu kilima cha njano. Greda zinahama. Yangu, ile nyeupe baridi, namba 2 ilinitokea kama 2 na nusu. Nyeupe ya joto inaenda upande wa pili, laini, na ukiweka filta ya 5 unasubiri mpaka unasinzia. Kama unaweka LED chukua nyeupe baridi yenye kichwa cha maziwa, hakikisha haicheleweshi kuwaka, chapa negativu moja kwa filta zote 12 mara moja tu, zibandike ukutani, hiyo ndo ramani yako kuanzia hapo. Ukibadilisha balbu unachora ramani upya.

Ile balbu ya rimoti iliyonifilisi nimeitia humo ndani ya enlaja basi, ndo imepata kazi yake. Naweka kijani sekunde kadhaa, kisha bluu sekunde kadhaa, bila filta yoyote, laini na kali navichanganya kama mtu anayechanganya juisi. Kulenga fokasi unalenga kwa kijani, kwa bluu jicho halishiki kitu. Ila hii ni kwa mtu aliyeshazoea, ukiianza siku ya kwanza utachanganyikiwa usijue kosa liko wapi.

Basi nikamwambia dada wa Makorora hivi. Unachapa peke yako, kwenye bafu, picha kumi kwa mwezi, karatasi za kubadilika: nyekundu ya LED, tena anza na taa mbili za baiskeli, moja juu ya trei na moja mbali, pesa iliyobaki nunua karatasi. Siku ukifungua darasa la watoto, au ukiwa unachapa kila siku mpaka macho yanauma, tafuta filta halisi ya chungwa na uipime kwa sarafu, LED ya chungwa ya dukani usiiguse hata ukipewa bure. Ukirithi maboksi ya greda moja kwa babu, chungwa toka siku ya kwanza. Kwenye enlaja acha balbu ya waya iliyomo mpaka ife, huku ukijifunza kwa namba zinazosema ukweli, ikifa ndo uhamie LED.

Akauliza, "Na yako kaka ni ipi?" Nikampeleka kumwonyesha. Ukutani ninayo taa ya dakirumu ya eksirei, hospitali moja ilihamia kwenye kompyuta ikaiweka nje na mabenchi mabovu, nikaiomba. Filta yake ni ile GBX, nyekundu iliyoiva, ilitengenezwa kwa filamu zinazoona bluu na zinazoona kijani, karatasi zangu kwake ni mteremko. Nikaizungusha swichi, akaangalia kanga aliyojifunga, akasema mbona maua yote yamepotea.